Jino la Bibi Aletta

Niliamini, na ningeapa mbele ya hakimu, kwamba bibi yangu wa zamani kabisa, Aletta, alikuwa Mholanzi mwenye safu mbili za meno, na kwamba alipokuwa akisafiri na gari la ng'ombe kutoka Cape alimng'ata simba shingoni mpaka simba akafa kwa aibu. Kila mjukuu wake, ilisemekana, huota jino la ziada. Marehemu baba ndiye aliyeianzisha habari hiyo, nadhani kwa utani, na mtaa wetu wa Malvern, Johannesburg, uliokuwa ukinuka mafuta ya chipsi na nywele za bandia, ukaichukua: ilitoka kwa wasusi wa Kikongo ikaenda kwa mwenye spaza, kile kiduka cha mtaani, ikarudi kwetu simba wamekuwa watano. Mimi ushahidi nilikuwa nao mdomoni. Jino langu moja lilikuwa limempanda mwenzake kama abiria asiye na tiketi, na jina langu la mwisho lilikuwa Van Rietvoort, sawasawa na la yule bibi. Nani angebisha?

Jina hilo ndilo lililokuwa urithi wangu wote. Baba alizaliwa Morogoro, mtoto wa mpigania uhuru wa Afrika Kusini aliyekimbilia huko. Akamwoa mama hukohuko, akamleta Johannesburg, akafariki kabla sijaanza shule. Mama akabaki na cherehani yake kwenye kibanda cha Jules Street, na lafudhi ya Morogoro isiyojificha hata akiongea Kizulu. Mwaka 2015, nikiwa darasa la tano, vijana walianza kupita madukani wakiuliza nani mgeni. Mlango wa kinyozi jirani ulivunjwa kwa nyundo, mchana kweupe. Mama akanifunza: “Wakikuuliza, baba, taja jina lako la mwisho. Litaje kwa sauti, usimung'unye.” Nikamuuliza, “Na wewe je?” Akasema, “Mimi ni mama yake Van Rietvoort. Watanitenganisha na tumbo langu?” Kwao jina la mwisho ni la babu, basi, ni damu. Hakuwahi kusikia mtu anayebeba jina la mtu asiyemzaa.

Ng'ambo ya robot, zile taa za kusimamishia magari, aliishi bibi kizee wa Kikaburu mwenye jina kama letu. Nilimwita Tannie Hettie, yaani shangazi, kama heshima ya watu wake inavyotaka. Alikuwa akidarizi mti wa ukoo wa Bibi Aletta kwenye kitambaa ambacho, kwa macho yangu, kingeweza kufunika uwanja wa mpira. Ulikuwa wa kutundikwa siku ndugu wote watakapokutana. Nilianza kumtembelea kila nikitoka shule. Alinipa kahawa ya maziwa na biskuti kavu ngumu ambazo zingeweza kujengea daraja, akanisimulia jinsi Aletta alivyoletwa na meli akiwa msichana, alivyozika waume wawili, alivyolima zabibu mpaka mikono ikawa kama gome. Niliujua ukoo ule kuliko nilivyojua hesabu. Simba hakutajwa hata mara moja. Nikadhani Tannie anaona haya kujisifu.

Siku moja nikajikaza. “Tannie, mimi utanishona tawi gani?”

Sindano ikasimama. “Wewe?”

Nikapanua mdomo nikamwonyesha jino. Alicheka mpaka miwani ikamdondoka, na alicheka bila ubaya wowote, ndiyo maana iliniuma zaidi. “Mpenzi, mwambie mama yako akupeleke kwa daktari wa meno,” alisema. “Hiki kitambaa ni cha familia.” Akanifungashia biskuti moja ya njiani. Niliitupa kwenye mtaro, na sidhani kama imeoza hadi leo.

Mama aliposikia alishusha mlango wa kibanda, akavaa kitenge chake cha harusi. “Cha familia? Eish, atatujua leo!” Tukashika njia kwenda Rosettenville kwa Ouma Sina, yaani Bibi Sina, dada yake babu, mtu pekee aliyekuwa amebaki upande wa baba. Yeye angetutolea ushahidi, kisha tungerudi sote watatu mlangoni kwa Tannie. Njia nzima nilikuwa nikichagua rangi ya uzi.

Leo nina cheti cha shule ya jioni, nimekitundika ukutani kwa misumari ambayo ingetosha kuezeka kanisa. Jina ni lilelile. Nikienda Sandton, kwa matajiri, kwenye usaili, mpokezi huliita kisha hutazama nyuma yangu, anatafuta huyo Mzungu Van Rietvoort ameegesha wapi gari. “Ni mimi, dada,” nasema, na namwonyesha jino. Tunacheka. Kazi huenda kwa mwingine. Mama bado anashona palepale, na bado kuna siku anashusha mlango mapema akisikia kelele barabarani. Jina langu halijawahi kumzuia mtu hata mmoja. Tannie Hettie alikufa, na kitambaa kilikwenda kwa wenyewe. Mtoto yule wa Malvern hakuwa na chochote, lakini alilitamka jina lake kifua mbele. Mimi sasa hulitamka kama mtu anayetema mbegu.

Siku ile tulipofika Rosettenville, Ouma Sina alikuwa akimenya viazi jikoni. Hakuinua uso wakati wote mama alipokuwa akimweleza habari za simba, za meno, za kitambaa. Mama alipomaliza, Ouma aliweka kisu chini, akanishika kidevu, akalitazama jino langu kwa muda mrefu.

“Hili ni la mama yangu,” alisema, kwa Kiingereza cha polepole ili mama asikose neno. “Aletta hakutuzaa, mwanangu. Alimnunua bibi wa bibi zetu sokoni Cape, akampa jina lake, kama ng'ombe anavyopigwa chapa.”