Bendera Ilipopanda Naomie Akiwa Barabarani

Siku niliyompoteza Naomie wangu, hapa Kasongo hakuna hata mtu mmoja aliyevunja sheria.

Nawaapia. Nimeketi nao wote kikaoni. Kila mmoja alikuwa safi kama shati la Pasaka.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi. Atumani, dereva wa pikipiki anayebeba watoto wa mtaa wetu, alimshusha mwanangu ng'ambo ya barabara, mkabala na shule. Miaka saba tu.

Ng'ambo, kwa sababu Direkteri, mkuu wa shule, alikataza pikipiki kufika mlangoni. Eti zinaharibu nidhamu.

Mtoto akaanza kuvuka. Alipofika katikati, bendera ikaanza kupanda. Wimbo wa taifa ukaanza.

Mnajua mambo ya kwetu. Bendera ikipanda, hata aliyebeba muhogo kichwani anasimama.

Naomie akasimama. Mikono ubavuni, kidevu juu.

Kamio, lori kubwa la mchele, ikatokea upande wa Kabambare, muziki umejaa ndani. Dereva alipomwona mtoto, breki zikamkatalia.

Atumani alikuwa hatua nne kutoka kwake. Pitchou, mlinzi wa shule, hatua sita. Wote waliiona kamio. Wote walikuwa wamesimama wima.

Baada ya mazishi, kamati ya wazazi ikaita kikao.

"Mama Naomie, pole sana," Direkteri alisema. "Lakini shule inaanzia mlangoni. Kule nje iko barabara ya Serikali."

"Mimi, mutoto akishakanyaga chini, kazi yangu imeisha," alisema Atumani.

"Lakini ulimwona?" nikamuuliza.

"Nilimuona, mama. Ningekimbia namna gani? Wimbo ulikuwa haujaisha! Polisi wangenikamata."

Pitchou akainua mkono. "Mimi nilipiga kelele."

"Wapi?"

"Ndani ya roho."

Mjumbe wa Serikali akajifuta jasho. "Ule mutoto alikuwa mzalendo. Iandikwe."

Watu wakapiga makofi. Makofi, jamani!

Nikasimama, nikapiga meza. "Nani alimfundisha mtoto mdogo kusimama katikati ya barabara?"



Jirani yangu Régina akanivuta kitenge polepole. "Dada, kaa. Ni wewe."

Kweli. Mwaka jana, tukielekea sokoni, Naomie alitembea wakati wa wimbo. Nikamfinya sikio mbele ya watu. "Ukisikia wimbo, usitikisike! Hata nyoka apite!" Watu wakanisifu: mama mwenye malezi. Nikasikia utamu.

Wazazi wenzangu, tumewafundisha watoto kutii, hatukuwafundisha wakati wa kukimbia. Na mtoto hajafika shuleni mpaka mtu mzima mmoja aseme kwa kinywa chake: huyu niko naye. Kama hujui mtu huyo ni nani, usimwachilie mkono.

Kikao kiliamua wimbo uanze dakika kumi baadaye. Pikipiki bado zinashusha ng'ambo.

Sonia, mdogo wake Naomie, nampeleka mwenyewe kwa miguu, mkono kwa mkono. Wimbo ukitukuta barabarani, tunavuka.