Nafasi Kando ya Mama

Nililipia kulala katika nyumba niliyozaliwa. Wacha tu, dunia ina vituko.

Nyumba yenyewe ni ya matofali, huko Adungosi. Babu aliijenga enzi za pamba. Mama alipougua, baba aliuza shamba lote na nyumba yake kutafuta matibabu, na mama akafa hata hivyo. Mnunuzi, mama mmoja mfanyabiashara wa Busia mjini, alituruhusu tumzike pale kabla hajahamia. Baba akaacha nafasi upande wa kulia wa kaburi, maana kwetu mke hulala kushoto kwa mumewe. Hakumwambia mnunuzi neno. Alidhani mtu akiiona tu ataelewa. Ataelewa nani, jamani?

Siku hizi ni nyumba ya wageni: unalala, asubuhi unapewa chai. Baba naye alikuwa amelazwa hospitali ya Kocholia, na daktari alikuwa ametuambia tujiandae. Baba alinituma jambo moja tu, nikamwombee ile nafasi.

Mwenye nyumba hakunikumbuka. Jioni alinitembeza pamoja na wageni wengine, akatuonyesha kaburi la babu lililopakwa chokaa, akasimulia eti mzee alikuwa chifu. Chifu wapi! Babu alilima pamba mpaka mgongo ukapinda. Na pale kando ya mama, kwenye nafasi ya baba, kulikuwa na benchi la kupumzikia. Chumba nilichopewa kilikuwa cha wazazi wangu. Kitanda kilikuwa kizuri, na nilikichukia.

Asubuhi aliniandalia chai ya maziwa, mihogo na mayai, akanitania kwamba mgeni wa siku ya kwanza hapewi jembe. Nikamwambia mimi ni nani na nimefuata nini. Akaweka birika chini, akaketi. Alinipa pole, na ilikuwa pole ya kweli.

"Ndugu yangu," akasema, "mkimzika hapa, kesho wajukuu zake watasema shamba ni lao."

Nilitaka kumgombeza. Lakini huku kwetu ndivyo ilivyo, mashamba mangapi nimeona yakidaiwa kwa kaburi moja! Nilimsihi mpaka chai ikapoa. Ng'o.

Nikachukua boda hadi Kocholia. Baba alikuwa ameketi kitandani akinisubiri, amenyolewa ndevu. Nikamwambia amekataa. Hakumlaumu mtu. Aliuliza tu kama kaburi la mama linatunzwa, nikamwambia ni safi, halina magugu.

"Basi unizike kwako Malaba," akasema. "Lakini pale pembeni, kwenye michongoma. Mtu asiye na boma hazikwi katikati ya boma la mtoto wake."

Nilibishana naye siku zote zilizombakia. Kisha nikamzika pembeni, kwenye michongoma.