Licence Aliyoahidiwa Mama Masika

Mama Masika ni fundi nguo, mzaliwa wa Butembo, Kongo. Mwaka wa kumi na nne sasa tunafanyia kazi chumba kimoja Doornfontein, Afrika Kusini, ghorofa ya pili: yeye na vyerehani vyake dirishani, mimi mlangoni na benchi langu la kutengenezea vyerehani vya watu. Anashona suti za kanisani na sare za walinzi. Si msimulizi. Aliwahi kunieleza mara moja tu kwamba kwao ni kaka yake pekee aliyesoma mpaka akapata licence, na siku aliporudi nayo kutoka Kisangani baba yao alichinja mbuzi wawili. Kwa Wakongomani, licence ni shahada ya chuo kikuu. Sisi wa Tanga tukisikia neno hilo tunaelewa leseni, ile karatasi ya kukuruhusu kufanya kazi fulani. Tofauti hiyo nilikuwa naijua, lakini sikuikumbuka siku ilipohitajika.

Ilikuwa Jumanne, Novemba 2022. Binti yake, Jocelyne, alikuwa anamalizia mitihani ya matriki, ile ya kumaliza sekondari, na alitaka kitu kimoja: kuwa fundi wa ndege. Walipokuwa wakiishi Diepsloot alizijua kwa mlio ndege zinazoshuka uwanja wa Lanseria. Thierry akaja na kijitabu cha chuo kimoja cha jamii: diploma ya usafiri wa anga, miaka miwili. Thierry ni shemasi wa kanisa lao, na ndiye aliyempokea Mama Masika Park Station siku alipoingia nchi hii.

Kijitabu kilikuwa cha Kiingereza, na Mama Masika anasoma Kifaransa.

“Papa Bakiri, andika anayosema,” aliniomba.

Nikaandika kwenye daftari langu. Ada ya mwaka wa kwanza ingemtaka auze overloki, mashine yake ya kufunga kingo za kitambaa. Ya mwaka wa pili ingemtaka auze cherehani kimoja kati ya viwili. Mama Masika alizihesabu kwa vidole. Akauliza inakuwaje kaka yake alisoma miaka mitano na huku ni miwili. Thierry akajibu kwamba Afrika Kusini mambo hayachelewi.

“Atatoka na nini?”

“Licence.”

“Licence ya nini?”

Thierry alicheka. “Mama, licence njo licence,” yaani licence ndiyo licence.

Nililiandika vilevile alivyolitamka. Mama Masika alisikia shahada, mimi nikasikia leseni ya kugusa ndege. Kila mmoja alifurahi kivyake, na hakuna aliyemuuliza mwenzake. Ijumaa overloki ilichukuliwa na mfanyabiashara wa Mayfair, na tangu siku hiyo mama akawa anafunga kingo kwa mkono.

Jocelyne alisoma mwaka mzima na kufaulu. Oktoba 2023 chuo kiliwaambia wanafunzi wajitafutie mahali pa mazoezi, akaenda kwenye karakana moja ya ndege Lanseria. Msimamizi, mama mmoja mpole, alizisoma karatasi zake mpaka mwisho. Akamweleza kuwa diploma hiyo ni ya kuendesha shughuli za uwanja: ratiba, mizigo, abiria. Leseni ya fundi hutolewa na mamlaka ya usafiri wa anga, baada ya miaka ya kufanya kazi karakanani na mitihani yao. Pale walichukua vijana waliotoka matriki moja kwa moja, wakajifunza kazi huku wakilipwa kidogo. Mwaka ule walishajaza.

Wakati wanaongea, chini ya bawa la ndege akatokea Murielle, binti wa Thierry, aliyesoma darasa moja na Jocelyne. Alikuwa ndani ya ovaroli, na alianza pale Januari. Alimkumbatia mwenzake kwa furaha ya kweli.

“Papa alisema wewe hukutaka kazi ya kuchafua mikono,” alimwambia.

Jocelyne alilirudia neno hilo kwetu akiwa amesimama, mkoba bado begani. Mama Masika hakulia. Aliniomba nifungue daftari, nikamsomea ukurasa ule mara mbili. Ndipo nilipomwambia leseni kwetu ni nini, naye akaniambia licence kwao ni nini, mwaka mzima umeshapita.

“Kumbe si hii wala si ile,” alisema.

Wiki hiyo alikuwa anamshonea Thierry suti ya kuwekewa mikono awe mchungaji. Jumamosi Thierry akaja kuichukua. Ilikuwa imetundikwa, imepigwa pasi vizuri, bila mkono wa kushoto.

“Mama, mkono mwingine?”

“Uliagiza suti, papa shemasi.”

“Ya mkono mmoja?”

“Suti njo suti.”

Thierry alinigeukia. Mimi nilikuwa nakaza skrubu ambayo ilishakaza. Akavuta kiti, akaketi, sauti ikashuka. Alisema aliisikia habari ya karakana kwa mtu wa kanisani, na nafasi iliyobaki ilikuwa moja.

“Una mtoto, mama. Ungekuwa wewe ungefanyaje?”

“Ningekwambia iko moja. Halafu ningemwombea wangu.”

Aliondoka bila suti. Jumapili, siku ya kuwekewa mikono, Mama Masika hakwenda kanisani. Alikaa nyumbani na Jocelyne, wakajaza fomu ya Lanseria ya mwaka uliofuata. Penye swali la elimu Jocelyne aliandika matriki, hisabati na fizikia. Mstari wa chini yake, wa masomo baada ya matriki, aliuacha wazi.