Maji Yaliyopanda Bila Mvua

Nilipoajiriwa ofisi ya maji Sumbawanga, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwenda kila Jumatano kwenye kijito kilichopita chini ya mgodi wa makaa ya mawe. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mbili, nimepanga chumba mtaa wa Katandala. Nilitoka asubuhi kwa baiskeli ya ofisi, chupa za sampuli nimezifunga kwenye keria, nimevaa masweta mawili ya mitumba. Mitumba ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kujaa sokoni, na sisi vijana tulijiona tumeshafika Ulaya.

Kijitoni kulisimikwa ubao wenye alama za sentimita. Aliyeajiriwa kuusoma asubuhi na jioni na kuandika daftarini alikuwa mama mmoja mjane, mkulima wa ulezi, ambaye nyumba yake ilikuwa hatua chache tu kutoka ukingoni. Serikali ilipopunguza wafanyakazi, naye akapunguzwa, na barua nikapewa mimi nimpelekee. Aliisoma polepole, akaikunja.

"Kwa hiyo nisisome tena?"

"Ofisi haina fungu, mama."

"Sijauliza fungu, mwanangu. Nimeuliza kama nisome."

Jumatano iliyofuata nilikuta daftari lake limejazwa kama kawaida.

Mgodi nao ukatoka mikononi mwa serikali, ukachukuliwa na mtu binafsi. Haikupita miezi mingi mawe ya kijitoni yakaanza kuwa na rangi ya kutu. Mfugaji mmoja wa Kisukuma, aliyehamia huko na ng'ombe wake, alinisimamisha njiani.

"Ng'ombe wananusa tu, wanarudi nyuma," alisema. "Wewe si ndiye wa maji? Tuambie."

Nilichovya karatasi ya bluu ya kupimia asidi, ikageuka nyekundu. Nikapanda mgodini. Meneja alinikaribisha chai, akanisikiliza hadi mwisho.

"Hiyo ni mvua inaosha udongo, dada," alisema. "Udongo wa huku wenyewe ni mwekundu."

Alisema kwa upole hata nikaona aibu kubisha. Nilishuka kwa yule mama nikamweleza. Aliingia ndani, akatoka na daftari.

"Mvua ipi? Angalia."

Kando ya kila kipimo alikuwa ameandika hali ya hewa. Tulikaa kwenye mkeka tukapitia ukurasa baada ya ukurasa. Kiangazi chote hapakuwa na wingu, lakini kila Jumatatu na Alhamisi jioni maji yalipanda, kisha yakashuka kufikia asubuhi. Kule juu walikuwa wanapampu maji ya shimoni na kuyamwaga kijitoni.

Bosi wangu, mtu wa maneno machache, alilisoma daftari lile mara mbili. Kesho yake tulikwenda mgodini watatu, mama amevaa kitenge chake cha kanisani. Meneja alifunua kurasa kwa muda mrefu.

"Nani ameandika haya?"

"Mimi," mama alijibu.

"Umetumwa na nani?"

"Nakunywa maji hayo."

Akalifunga daftari, akamrudishia. Mwezi ule walichimba mabwawa mawili ya kutuamisha maji, wakawa wanatia chokaa ya kupunguza asidi kabla ya kuyaachia. Mawe yalibaki na rangi ile kwa masika mawili, lakini kiangazi kilichofuata ng'ombe walikunywa. Jina la mama halikurudishwa kwenye orodha ya wafanyakazi. Niliandika barua tatu kumwombea bila kufanikiwa, na jambo hilo bado linaniuma.

Baadaye nilihamishiwa Mbeya. Nimepima mito mikubwa zaidi, kwa vifaa vya kisasa, lakini zile Jumatano ndizo ninazozikumbuka. Mimi na yule mama tulikuwa tukimaliza kazi tunakaa ukingoni tunatafuna mahindi ya kuchoma, jua la uwandani likitupasha migongo. Siku ya kwanza kabisa alinikuta nimesimama nasoma ubao kutoka juu.

"Inama," aliniambia. "Jicho liwe sawa na maji, ndipo yatakwambia kweli."

Nikainama hadi sketi ikalowa, naye akacheka kwa furaha.