Nati Zilizokazwa na Mwakio

Juzi karibu na Voi nilimwona kijana akikaza nati za klachi ya mashine ya kufyeka kwa nguvu zake zote, nikamkumbuka Baba, Mwakio, fundi wa matrekta kwenye shamba la mkonge. Utotoni mimi pia nilidhani fundi hodari ni yule anayekaza zaidi.

Alasiri moja nilikuwa nimetoroka shule nikamtazame kazini. Mashine ya kufyeka, inayofungwa nyuma ya trekta, ilikuwa imelala msimu mzima wa mvua. Baba alilegeza nati, akaiwasha, na sahani za klachi zikasuguana zikilia, moshi ukafuka wenye harufu ya kwato zilizoungua. Nikajua ameiharibu na tutafukuzwa.

"Mwakio, umeichoma!" nyapara akafoka. "Kesho utachunga mbuzi kwenu Sagalla!"

"Nachoma kutu, bwana nyapara. Sahani zikigandana, klachi haitateleza visu vikigonga kisiki, na gia itavunjika." Akazikaza nati kiasi tu, akamwachia usukani. "Haya, endesha mwenyewe."

Kwenye safu ya pili ya mkonge visu viligonga kisiki. Nikafumba macho. Klachi ikateleza, visu vikasimama, na hakuna kilichovunjika. Nyapara akashuka kuvitazama visu.

Tangu siku hiyo, kabla ya kupanda trekta lolote, aliuliza kwa sauti: "Nati hizi zimekazwa na Mwakio?"