Ugonjwa Wasioutaja Wafugaji wa Scarrow

Saa mbili asubuhi, Enid Mossop anamshika kondoo kidevu na kumzamisha kichwa ndani ya josho. Anamwacha apumue, kisha anamzamisha tena. Kila kondoo hukaa humo dakika moja kamili.

"Ukimwonea huruma akatoka na kichwa kikavu, umeogesha bure," anasema, dawa ikimchuruzika viwikoni.

Enid, 57, ni mwogeshaji kondoo wa Cumbria, kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Hulivuta josho lake kwa trekta kutoka shamba hadi shamba, akipambana na utitiri unaoleta ukurutu. Kondoo aliyeupata hujisugua ukutani mpaka sufu inanyofoka na ngozi inabaki vigaga.

Mwandishi wa makala haya ameishi huku miaka kumi na moja na bado hajaacha kushangaa: neno shabby, ambalo Waingereza hulitumia kwa koti lililochakaa viwiko, lilitokana na vigaga hivihivi. Shab lilikuwa jina la zamani la ukurutu. Likageuka tusi kwa mtu asiye na maana, na zaidi ya miaka mia tatu iliyopita likahamia kwenye nguo. Mijini wamesahau lilikotoka. Huku, aibu yake ingali mbichi.

"Wafugaji wananiambia nipite njia ya nyuma, josho lisionekane getini," anasema Enid. "Utadhani nimekuja kuiba!"

Leo mashamba kumi yanayolisha pamoja kwenye mlima wa Scarrow yalipaswa kuleta kondoo wote, zaidi ya elfu mbili na mia sita. Kundi moja likibaki na utitiri, wote wataambukizwa upya kabla ya theluji. Enid mwenyewe, ambaye kundi lake hulisha huko pia, alipoteza kumi na wanne mwaka jana. Akipoteza wengine, itabidi aliuze kundi aliloachiwa na mama yake.

Wafugaji tisa wamefika. Hayupo Joss Fearon, 79, jirani wa Enid wa ukuta kwa ukuta.

"Wangu wasafi, binti," alimwambia mwezi uliopita. "Kaogeshe wa wachafu wenzako."

Jumapili, kwenye ukumbi wa kanisa, Enid alisimama mbele ya majirani na kuweka mezani kishungi cha sufu alichokibandua kwenye ukuta wa shamba lake. Kilikuwa na rangi ya bluu, alama ya kundi lake.

"Hii ni ya kwangu," alisema. "Niliwaambia baridi ndiyo iliyoniulia kondoo. Niliwadanganya. Ni ukurutu."

Joss aliondoka bila kumaliza chai.

Saa nne na robo, mbwa wanabweka barabarani. Kundi lenye alama nyekundu linateremka, Joss akilifuata kwa miguu. Anafika mbele ya Enid na kuvua kofia.

"Ulianzia kwangu," anasema. "Tangu Novemba. Niliona lori likichukua mizoga yako, nikanyamaza."

Enid ana hasira, wala haifichi. "Kumi na wanne, Joss!"

"Najua, binti. Niliwahesabu dirishani."

Enid anafuta uso kwa mkono wa koti, kisha anamkabidhi fimbo ya kuzamishia. "Shika. Leo huondoki hapa mpaka wa mwisho aoge."

Baada ya wiki tatu damu za kondoo zitapimwa. Zikitoka safi, ukurutu utakuwa umekwisha mlimani, na Enid anapanga kuliuza josho na kubaki na kundi la mama yake.

"Natamani nikose kazi," anasema, na kumvuta kondoo wa kwanza wa Joss.