Jina Ubavuni mwa Boti

Papa, baba yangu, aliitengeneza boti ile ya mapambo kwa mbao, baada ya kuipima kwa kamba meli kubwa iendayo Bukavu pale bandarini alikokuwa karani. Urefu wake ni kama mkono wangu, madirisha yote yamo, hata ngazi ya abiria. Akaipaka buluu, akaiweka juu ya kabati la sebuleni. Mama alipofariki, mimi ndiye niliyekata herufi za jina lake na kuzibandika ubavuni. Kukata stika ndiyo kazi yangu: nina kibanda mtaani Ndosho, ninaandikia pikipiki, maduka, na makanisa mapya yasiyoisha kuzaliwa.

Mwaka huu Papa aliamua kuoa tena. Mchumba wake alikuwa mjane kutoka Masisi, mama mpole aliyepitia kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya na kutoka na valizi moja, sanduku lake la nguo. Wiki ya ndoa niliitazama boti, nikajiona mimi ndiye mwenye akili nyumbani kwetu.

"Papa, mama mupya ataingia hapa akute jina ya mama inamuangalia? Niitoe?"

Alipangusa miwani yake kwa pindo la shati, muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Fanya vile unaona, mutoto yangu."

Hakusema ndiyo. Nililisikia hilo, nikajifanya sikulisikia.

Jumamosi, Papa akiwa kwa kinyozi, nikaishusha boti. Dawa ya kufutia rangi ya kucha ingemaliza kazi upesi, lakini ingekula na rangi ya Papa. Nikalowesha kitambaa kwa maji ya moto, nikakikamua, nikakilaza juu ya jina mpaka gundi ikalegea. Kisha nikainua pembe ya herufi ya kwanza kwa ukucha, nikaivuta polepole huku nikiikunja nyuma, karibu kabisa na mbao, maana ukiivutia juu inatoka na rangi. Herufi ya mwisho ilikataa. Nikaibembeleza kwa maji tena. Gundi iliyosalia niliifuta kwa pamba na mafuta ya kupikia. Hapakuwa na hata mkwaruzo. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi kama fundi, huku ninambandua mama yangu mwenyewe.

Nilipoisogeza dirishani ndipo nikaona. Jua lilikuwa limefifisha buluu yote, isipokuwa pale herufi zilipokuwa zimeifunika. Jina la mama lilikuwa palepale, kwa rangi mbichi. Nikairudisha boti kabatini, ubavu ule nikauelekeza ukutani.

Siku chache baada ya harusi nilikwenda kuwasalimu. Mke wa Papa alinimiminia chai, kisha akaenda kabatini akaigeuza boti.

"Nani aliitoa ile jina?"

"Ni mimi, mama. Niliogopa itakuumiza."

"Nani alikuambia inaniumiza?" Hakupaza sauti. Angepaza, ningepata pa kujitetea. "Siku ya kwanza papa yako alinileta hapa, niliisoma. Nikasema, ah, mu hii nyumba hawafiche watu yao. Ile njo sababu ilifanya nikubali."

Akaniambia kwamba ndani ya valizi yake mna picha ya marehemu mume wake. Aliibeba kutoka Masisi ikiwa imefungwa kwenye kitenge, na kambini alilala akiwa ameilaza chini ya kichwa. Alikuwa amepanga kuiweka kabatini, kando ya boti.

"Sasa naona heri ibakie kule," alisema.

Papa alikoroga chai ambayo hakuwa ameitia sukari. Nilitamani anikaripie, anitukane hata. Alikoroga tu.

Kesho yake nilikata herufi mpya, nikarudi nazo. Mke wa Papa alinishikia boti isiteleze nilipokuwa ninazibandika juu ya ile buluu mbichi. Zilikaa sawasawa.

"Inapendeza," alisema. "Ni mama yako."

Kuhusu picha hakusema neno, nami sikuthubutu kuuliza. Tangu hapo, kila Jumapili nikitoka misa ninapita kwao, ninachukua kitambaa na kufuta vumbi kabatini. Ninaifuta boti, halafu ninapafuta pale kando yake, pasipo na kitu. Valizi bado iko chini ya kitanda.